Kilima Kile Kile, Anga Jingine

Limekwisha zuka jambo katika mkoa wetu ambalo baadhi ya wahusika huliona dogo. Sisi hatulioni hivyo. Ni jambo la mwananchi anayepanda kilima alichokizoea, mkononi ana kamera au simu, akapiga picha ya mawingu, ya furukombe juu ya mbuyu, ya tumbili na wanawe, ya bahari ilivyobadilika rangi kabla ya mvua. Kisha anaposhuka hukutana na mwenye mamlaka anayemwuliza ametumwa na nani, picha hizo ni za nini, na kibali chake kiko wapi. Kibali hana, kwa sababu hakuna mtu aliyepata kumwambia kwamba wingu lina kibali.

Tunataka kulizungumza jambo hili waziwazi bila ya kumwonea mtu. Linawahusu wananchi wa Mtwara, linawahusu ndugu zetu wa visiwani kuanzia Ghuba ya Mnazi hadi Mafia, na linawahusu zaidi viongozi ambao neno lao moja lingetosha kulimaliza.

Kwanza kilima chenyewe. Anayeijua Mikindani anajua kwamba mji ule umekaa chini, kando ya ghuba, na nyuma yake ardhi inapanda. Boma lililojengwa na Wajerumani mwaka 1895 limesimama mahali pa juu kidogo likiutazama mji, na nyuma ya mji kuna kilima ambacho vitabu vya watalii hukiita kwa jina la Bismarck, jina ambalo bila shaka halikutoka kinywani mwa mwenyeji yeyote wa Mikindani. Njia ya kupanda si ndefu. Mtu aliyeizoea huipanda alfajiri na kurudi kabla jua halijawa kali. Njiani mna mibuyu, mna vichaka, mna tumbili ambao hawamwogopi mtu asiye na fimbo; na akifika juu huiona ghuba, mikoko pembezoni mwake, ngalawa zikitoka na kurudi, na mbali zaidi bahari kuu.

Ni njia ya kawaida kabisa, na ukawaida wake ndio thamani yake. Mgeni apandaye mara moja hupata picha nzuri ya kutuma kwao. Lakini mwenyeji apandaye kila juma kwa miaka mingi, akasimama penye jiwe lile lile na kuielekeza kamera upande ule ule, huyo hupata kitu ambacho mgeni hawezi kukipata hata akiwa na kamera ya thamani kubwa. Huyo huona kinachobadilika, na huona pia kile ambacho watu husema kimebadilika na kumbe hakikubadilika.

Mwaka wa anga yetu una kurasa zake. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, mawingu hupanda kama ngome mchana na kupasuka jioni. Kusi ikishashika, anga husafika, mavundevunde hukimbia kwa kufuatana kutoka baharini, na mwanga wa asubuhi huwa mkali kiasi cha kuonyesha kila mti wa mkoko. Juni hadi Agosti wakulima wa korosho hupuliza salfa alfajiri dhidi ya ubwiriunga, na mtu aliye mahali pa juu huweza kuliona vumbi lile limelala juu ya mikorosho kama ukungu wa manjano. Septemba na Oktoba ni miezi ya moshi wa mashamba yanayosafishwa. Jua huzama likiwa jekundu, na watu wa mjini husifu uzuri wake bila ya kujiuliza wekundu ule umetoka wapi. Kisha hufika Novemba, joto hukaa kimya, radi za kwanza husikika upande wa bara, na kumbikumbi hutoka ardhini.

Kumbikumbi hao wana wageni wao. Kuna kozi wadogo wanaozaliana katika nchi za mto Amur, mpakani mwa Urusi na China, ambao kila mwaka huvuka Bahari ya Hindi wakifuata upepo, hupita Afrika ya Mashariki wakati mvua zinapoanza, na kuendelea hadi kusini mwa bara hili. Hawana pasipoti. Hupita juu ya vichwa vyetu kwa makundi, hula kumbikumbi angani, na mara nyingi hatujui hata kwamba wamepita, maana sisi huwa tumeinama tukitazama chini. Anayepanda kilima na kamera mwezi wa Novemba na Desemba ndiye awezaye kutwambia walipita tarehe ngapi, na kama mwaka huu wamechelewa kuliko mwaka jana.

Na tukishuka kilimani tukaenda hadi Msimbati na maingilio ya Ruvuma, hesabu inazidi kuwa tajiri. Eneo lile lilitangazwa kuwa Hifadhi ya Bahari mwaka 2000, kwa sheria ya mwaka 1994, nalo lina ukubwa wa kilomita za mraba 650, pamoja na bahari, visiwa, mikoko na vijiji. Maji yakipwa, juu ya tope na mchanga wa ghuba huonekana ndege mmoja mweupe, mgongo mweusi, miguu mirefu, mdomo mnene mweusi kama wa kupasulia kokwa. Chakula chake kikubwa ni kaa. Ndege huyu hana ndugu wa karibu duniani. Wataalamu wamemweka katika ukoo wake peke yake. Huzaliana katika pwani na visiwa vya Uarabuni na nchi za jirani zake hadi Somalia, na hutaga yai moja jeupe ndani ya shimo alilolichimba mchangani, jambo ambalo ndege wengine wa ufukweni hawalifanyi. Baada ya hapo huja kwetu. Kwa hiyo ndugu zetu walioko Oman na sisi wa Mtwara tunamtunza ndege yule yule kwa zamu, ingawa hatujawahi kuandikiana barua juu yake.

Tumeyasema haya ili ieleweke kwamba mpiga picha wa mawingu na ndege si mtu asiye na kazi. Kumbukumbu ya namna hiyo ndiyo inayokosekana pale taifa linapoihitaji.

Tuchukue mfano wa kisiwa cha Maziwe, mbele ya Pangani. Wazee wa Tanga wanakikumbuka kikiwa na mivinje na kivuli, na kasa wakipanda kutaga mayai kwa wingi uliokifanya kiwe na sifa katika pwani yote. Kilitangazwa kuwa hifadhi. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 miti ilikuwa imekwisha, na leo Maziwe ni fungu la mchanga linaloonekana maji yanapopwa na kufunikwa yanapojaa. Nani alaumiwe? Wapo wasemao miti ilikatwa na mchanga ukakosa kitu cha kuushika. Wapo wasemao ni bahari na mikondo yake. Mjadala huo usingekuwa mrefu hivyo kama mvuvi mmoja tu angalikuwa na picha ya kisiwa kile, kwa pembe moja, ya kila mwaka kwa miaka kumi. Wenyeji wa visiwa vidogo vya Ghuba ya Mnazi, na wa Mafia, na wa Songo Songo, wanaelewa kwa nini tunalitaja jambo hili mbele yao. Ufuo unaoliwa na maji hauliwi kwa usiku mmoja. Huliwa polepole, na jicho la mtu anayeuona kila siku huuzoea.

Tuchukue mfano wa pili, ulio karibu nasi zaidi. Sisi wa kusini tulizoea kuambiwa kwamba vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Wazee wa Lindi hawakukubali sana, maana kimbunga cha Aprili 1952 kiliwafikia. Halafu Aprili 2019 kikaja Kenneth. Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitoa tahadhari, wananchi wa Mtwara wakaelekezwa sehemu za usalama, na tarehe 25 kimbunga kikaangukia Cabo Delgado, ng'ambo ya Ruvuma, na kuleta msiba mkubwa kwa jirani zetu. Mei 2024 Hidaya akafika hadi jirani ya Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kwenda Dar es Salaam upande wa Kilwa, hata sisi wa kusini tukatengwa na sehemu nyingine za nchi.

Hapana shaka utabiri ni kazi ya wataalamu, nao wana satelaiti na vipimo. Lakini satelaiti hulitazama wingu kutoka juu, na mvuvi hulitazama kutoka chini. Mabaharia tangu zamani wamejua kwamba kimbunga kikiwa bado mbali hutanguliza mawingu membamba ya juu sana, kama nyuzi za pamba iliyochambuliwa, yakitawanyika kutoka upande mmoja wa upeo. Mtoto wa shule wa Mikindani atafundishwaje alama hiyo? Kwa mchoro wa kitabu kilichochapwa ng'ambo, au kwa picha ya anga ya kwao, iliyopigwa kilimani kwao, yenye tarehe?

Wala si sisi tu tunaoona hivyo. Mwaka 1896 wataalamu wa hali ya hewa walitoa kitabu cha picha za mawingu, ili mtazamaji wa nchi moja na mwenzake wa nchi nyingine waliite wingu moja kwa jina moja. Toleo la mwaka 2017, la Shirika la Hali ya Hewa Duniani, liliingiza umbo la wingu ambalo halikuwamo katika matoleo ya kabla yake, umbo la mawimbi yaliyovurugika kana kwamba bahari imepinduliwa juu chini. Waliolipigania wingu hilo likubaliwe walikuwa watu wa kawaida, wapenda mawingu, waliokuwa wakilipiga picha kila walipoliona. Wenzetu wa Unguja nao wana ushahidi wao wa nyumbani. Picha za mitaani na za nyumbani zilizopigwa na Ranchhod Oza, aliyefungua studio yake Mji Mkongwe mwaka 1930, leo hutazamwa kama historia, na waliosimama mbele ya kamera yake walidhani wanapiga picha tu.

Sasa turudi kwenye malalamiko, kwani yapo. Mwenzetu mmoja tunayefanya naye kazi, mtu wa makamo, alikuwa na mazoea ya kupanda kilima cha Mikindani kila Jumamosi. Siku moja alisimamishwa, akapelekwa katika ofisi moja ambayo hatutaitaja, simu yake ikachukuliwa, na aliporudishiwa ilikuwa nyeupe kama sahani iliyooshwa. Hakutukanwa, hakupigwa, na hata kiti alipewa. Lakini picha za miaka kadhaa zilifutwa, na ndani yake zilikuwamo picha za anga ya Mikindani za juma lile la Kenneth. Zilikuwa hazijahifadhiwa mahali pengine. Alipouliza ni kosa gani alilolitenda, aliambiwa kwamba "kwa sasa mambo ya picha ni nyeti".

Sisi hatumlaumu sana yule mtumishi aliyefuta. Hakuna waraka aliopewa unaomwonyesha mpaka, na mtumishi asiyeonyeshwa mpaka huuweka mbali kadiri awezavyo ili asije akalaumiwa yeye. Tunaulaumu ukimya wa walio juu yake.

Maana unyeti wenyewe ni wa kweli, na gazeti hili halitajifanya halioni. Tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, ng'ambo ya mto haijapata utulivu wa kudumu. Oktoba 2020 kijiji chetu cha Kitaya kilishambuliwa na wananchi wakauawa. Machi 2021 ilikuwa zamu ya Palma, mji usio mbali na Ruvuma. Upande huu tunayo gesi ya Ghuba ya Mnazi, iliyogunduliwa mwaka 1982, tunayo mitambo ya Madimba iliyozinduliwa mwaka 2015, na tunayo bandari. Askari anayelala kando ya mto ili sisi tulale majumbani mwetu ana haki ya kumwuliza mtu mwenye kamera anafanya nini. Mwananchi naye ana wajibu wa kujibu kwa adabu, na kuonyesha picha zake akiombwa.

Lakini kuuliza ni jambo moja, na kufuta ni jambo jingine. Na kambi ni mahali pamoja, na mbuyu ni mahali pengine. Adui anayetaka kuijua ghuba ya Mikindani hana haja ya kumtuma mtu wa makamo na simu yake. Picha za ghuba hiyo kutoka angani zinapatikana kwa yeyote aliye na mtandao. Anayepoteza kwa kufutwa picha hizo ni sisi wenyewe.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa mkoa na wa wilaya, kwa heshima, watoe tangazo moja fupi la Kiswahili chepesi, libandikwe katika ofisi za vijiji na mitaa, katika vivuko na katika lango la Hifadhi. Litaje kwa majina sehemu ambazo kupiga picha ni marufuku. Liseme kwamba mahali pengine pote mwananchi yu huru kupiga picha ya anga, bahari, mimea na wanyama. Na liseme kwamba hakuna mtumishi atakayefuta picha ya mtu bila ya maandishi yanayoeleza sababu na yenye jina lake. Hilo la mwisho, tunaamini, litapunguza ufutaji kuliko amri yoyote.

Kwa upande wao, wapiga picha wasidhani kwamba tunawaandikia hati ya kufanya watakalo. Wapo miongoni mwao wanaotutia aibu. Kasa anapopanda ufukweni usiku kutaga, mwanga wa kamera humtisha akageuka na kurudi baharini na mayai yake; na anayetangaza kwa picha mahali kilipo kiota amemwonyesha njia mwizi wa mayai. Ndege wa ghuba, maji yakijaa, hujikusanya mahali pachache pakavu ili wapumzike, na anayewakimbilia ili waruke na picha yake ipendeze amewanyima pumziko waliloruka maelfu ya maili kulitafuta. Vyombo vidogo vya kupiga picha kutoka angani vina sheria yake na vibali vyake, na havifai kurushwa juu ya makundi hayo hata kwa mwenye kibali. Viboko na mamba wa Ruvuma hatuna haja ya kuwasemea, wanajitetea wenyewe. Tena wanawake wanaochokoa pweza mwambani si mandhari. Wako kazini, na adabu ya pwani inataka waombwe kwanza.

Liko na jambo la ufundi ambalo wengi hulipuuza. Picha isiyo na tarehe ni pambo la ukutani. Mpiga picha aandike siku, saa, mahali aliposimama, upepo uliokuwa ukivuma, na kama picha ni ya bahari aandike maji yalikuwa ya bamvua au maji mafu, na yalikuwa yakijaa au yakipwa. Bila ya hayo, mtu ataonyesha ufuo ulioliwa na bahari, kumbe ni ufuo ule ule saa sita baadaye.

Halafu picha hizo zihifadhiwe wapi? Simu huanguka majini, huibiwa, na kama tulivyoona, hufutwa. Mkoa huu unacho Kituo cha Utafiti wa Kilimo cha Naliendele, chenye wataalamu waliozoea kupima mvua na kuandika tarehe kwa ajili ya korosho zetu. Unayo ofisi ya Hifadhi ya Bahari. Unacho Chuo Kikuu Kishiriki cha Stella Maris. Hatuombi jengo jipya wala kamati yenye posho. Mojawapo ya taasisi hizo ikubali tu kupokea nakala, izipange kwa mahali na mwaka, na imruhusu mwalimu au mvuvi yeyote kuzitazama. Mwananchi wa Newala anayesimama Shimo la Mungu akiutazama mto Ruvuma chini na milima ya Msumbiji mbele yake, na kijana wa Msimbati anayewaona nyangumi wakipita wakati wa kusi, na mama wa kisiwani anayetaka kuonyesha mnazi wake ulikuwa hatua ngapi kutoka majini, wote wapeleke huko.

Yule mwenzetu amenunua simu nyingine na ameanza tena kupanda. Kilima ni kile kile, lakini miaka aliyopoteza haitarudi, na picha yake ya kwanza sasa ina umri wa miezi michache tu. Kozi wa Amur huanza kupita mwezi wa Novemba. Tungependa tangazo hilo liwe limekwisha bandikwa kabla hawajafika.